Miaka Niliyoitwa Mama Nani

Haya, simu chini. Na wewe pia, umeikalia ukidhani bibi yako, huyu mnayemwita gogo, haoni. Juzi mlinifuata karakana nilipokwenda kuwasalimia wenzangu wa zamani, mkamsikia Papa Ilunga akiniita "Mama Nani" mbele ya wateja, mkacheka mpaka mkashikana mabega. Njia nzima ya kurudi nyumbani Bertrams mkawa mnanihoji kwa Kizulu, maana Kiswahili mnakisikia vizuri sana ila kukijibu hamtaki, kama nimewahi kuwa na jina langu mwenyewe. Ninalo, asanteni. Lakini niliishi miaka miwili katika mji huu wa Johannesburg bila kulitumia, na leo nitawaeleza ilikuwaje. Humo humo nitawachomekea mambo ya kazi, kwa sababu wawili kati yenu mnasema mnataka kujifunza kazi yetu, na hata nyundo mnaishika shingoni.

Mimi kazi yangu ilikuwa kuwamba. Ngoma inawambwa ngozi, kitanda kinawambwa kamba, na picha iliyochorwa kwenye turubai inawambwa kwenye fremu ya mbao. Karakana yetu iko Doornfontein, ghorofa ya pili, juu ya fundi viatu. Tulitengeneza fremu, tukatengeneza makasha ya kusafirishia picha, halafu tukaenda wenyewe kuzitundika kwenye kumbi za maonyesho. Sasa sikilizeni. Usianzie kwenye kona. Kila mgeni wa kazi hii anaanzia kwenye kona, kisha anashangaa picha imepinda kama amekunja uso. Anza katikati ya upande mmoja, piga pini moja. Nenda upande unaoutazama, vuta kwa plaizi, piga pini. Kisha pande mbili zilizobaki. Unatoka katikati kwenda pembeni polepole, na kona ni za mwisho. Ukimaliza gonga kwa kidole. Ikilia "pu", fumua urudie. Ikilia "tum", nenda kanywe chai.

Mkono huo niliutoa kwa baba, ingawa baba hakuwahi kuwamba picha hata moja. Alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala, na alichonga mashetani. Msiruke. Kwetu shetani wa kuchonga ni roho wa porini au wa mababu, mmoja mkorofi, mwingine mchekeshaji, na kila ukoo wa wachongaji una wake. Wetu alikuwa na mdomo mkubwa na sikio moja. Wa jirani alikuwa na miguu mirefu kupita kiasi. Kaka yangu aliwahi kumchonga yule wa miguu mirefu kwa sababu watalii walimpenda, na baba alipokiona kile kinyago alifunga safari naye mpaka kwa jirani, akakiacha huko pamoja na kuku na kuomba radhi. Hachongwi mtu wa ukoo wa wenzako, ndivyo baba alivyosema, labda wakupe ruhusa. Sisi wasichana hatukupewa patasi. Tulipewa msasa, tulainishe. Utoto wangu wote nilisugua mdomo wa shetani, na mama alikuwa akisema ndiko nilikoutoa huu wangu.

Papa Ilunga mnamjua, yule wa Lubumbashi, seremala hodari na mwalimu wa kwaya kanisani kwake hapo Bertrams. Ana moyo wa dhahabu na kasoro moja tu, hawezi kufanya kitu kidogo. Kabla nyie hamjaanza hata shule, alitengeneza kasha la kusafirishia sanamu, la mbao nzuri, lenye pembe za chuma na matandiko ya sponji ndani. Siku tatu nzima anapiga nyimbo na randa. Alipomaliza tukagundua ni kubwa kuliko mlango wa karakana. Tukalitazama, tukautazama mlango. Ilunga akapima mlango, akapima kasha, kisha akatoa hukumu kwamba mlango umetengenezwa vibaya. Bosi wetu, mzee wa Kiafrikana asiyependa maneno, alilizunguka mara moja, akaenda kununua sigara, akarudi kesho yake. Lile kasha halijatoka mpaka leo. Ndilo kabati letu la chai, lile mlilolikalia juzi.

Basi mwaka 2017, joto la Novemba limeanza, akaja dada mmoja anaitwa Nomsa, msimamizi wa ukumbi mmoja wa maonyesho Marshalltown. Alituletea mabomba marefu ya karatasi ngumu yaliyotoka Australia. Ndani yake zilikuwamo picha zilizoviringishwa, za dada wawili Waaborijini, wale wenyeji wa kule waliokuwako kabla Wazungu hawajafika. Wanakaa katikati ya jangwa. Nomsa akatueleza kwamba ukoo wao una hadithi yake ya kuchora, ya bibi wa kale, mtu na kenge kwa wakati mmoja, aliyetembea nchi nzima akitafuta maji, na kila alipolala pakawa kisima. Wanamchora kwa nukta, maelfu ya nukta, na hakuna mtu wa nje ya ukoo anayeruhusiwa kumchora. Nilipoambiwa hivyo nikamkumbuka kaka yangu na kuku wake. Nomsa akaongeza kwamba yule dada mkubwa alifariki miezi michache nyuma, na mdogo wake anakuja kwenye ufunguzi pamoja na binti wa marehemu.

Ilunga alipolisikia neno roho za mababu, akarudi nyuma hatua mbili na kusema hagusi bomba mpaka liombewe. Haya, ombea. Akaliombea kwa Kifaransa, akaliombea kwa Kiswahili cha kwao, kisha kwa Kiluba, ili, kama alivyonieleza baadaye, roho zisipate kisingizio kwamba hazikuelewa. Ndipo tukafungua. Picha ya kwanza ilipotoka ikatoka pamoja na bango la zamani la maonyesho yao ya kwao, lenye picha ya dada wawili wamekaa mchangani wanacheka, na majina yao chini. Mdogo anaitwa Doris. Mkubwa anaitwa Agnes.

Sasa mnaelewa. Mimi ni Agnesi. Niliandikwa hivyo ubatizoni, na pale karakana Ilunga aliniita Mama Agnesi kwa desturi yao Wakongo. Akalitazama bango, akanitazama mimi, akalitazama tena, machozi yakaanza kumtoka. Yule marehemu alifanana na shangazi yake wa Likasi, eti. Kuanzia hapo hofu ya mizimu ikamwisha kabisa, akawa mfiwa.

Kesho yake Nomsa akaleta vibandiko vya kuweka ukutani kando ya picha. Vya mdogo vimeandikwa jina lake lote, vizuri. Vya marehemu vimeandikwa "dada mkubwa", basi. Na lile bango akalikunja upesi, akalitia kwenye mkoba bila kusema kitu. Alipoondoka tu Ilunga akaitupa randa mezani.

"Mama Agnesi, bale bantu ba namna gani? Mutu anakufa, jina banamunyima? Matanga bila picha iko matanga gani?"

Nami nikapandwa na hasira vilevile. Mnajua misiba yetu hapa ilivyo. Mtu akifa, uso wake unakaa kwenye fulana, kwenye kadi, kwenye kitambaa cha sare, na jina lake linaimbwa mpaka majirani wanalikariri. Leo mwanamke kachora maisha yake yote, anakufa, anaandikwa dada mkubwa kana kwamba alikuwa anapita njia? Tungemuuliza Nomsa mambo yangekwisha hapohapo. Lakini ukishakasirika kwa niaba ya marehemu huulizi mtu.

Ilunga alikuwa ameshalipiga bango picha kwa simu yake. Akaenda kwa Mrundi mmoja anayechapa fulana Marshalltown, akaagiza za kwaya nzima. Fulana nyeupe, uso wa marehemu kifuani, jina chini yake kwa herufi kubwa, na mgongoni uso tena, mkubwa zaidi, kutoka bega mpaka kiuno. Nilimwambia kifuani panatosha, ila nimeshawaeleza kasoro yake. Akatunga na wimbo. Kila mstari uliishia na jina la marehemu, na kiitikio kilikuwa jina lenyewe tu, mara nyingi, kwa sauti nne. Mpango ulikuwa kwamba kwaya iingie siku ya ufunguzi bila kumwambia mtu, impe yule mama heshima aliyonyimwa. Nakwambieni, tulijiona watu wema kuliko wote Johannesburg.

Siku ya ufunguzi ikafika, saa nne asubuhi nikawa namalizia kuwamba picha ya mwisho. Hiyo ilikuwa tofauti na zote. Upande mmoja nukta ndogo, zimepangwa sawasawa, upande wa pili nukta kubwa zinazotetemeka kidogo. Nilikuwa napiga pini ya kona ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia bibi mfupi mwenye mvi na kofia ya sufu, joto lote lile, na nyuma yake msichana mnene mwenye kicheko, na Nomsa. Ni Bibi Doris na binti wa dada yake, Kayla. Bibi hakutaka kusubiri ufunguzi. Alikuwa hajawahi kuiona picha ile ikiwa imewambwa, kwa sababu wao huchora wamekaa chini, turubai limetandikwa ardhini. Akainama akaigonga kwa kidole. Tum. Akanitazama akatabasamu, akaninyooshea mkono.

Nikaushika kwa mikono miwili na kusema naitwa Agnesi.

Mkono wake ulishuka. Hakunipokonya, ulishuka tu wenyewe. Akageuza uso, akatoka nje, akaenda kukaa kwenye ngazi.

Kayla ndiye aliyetueleza, polepole, bila kutugombeza. Kwao mtu akifa, jina lake linapumzishwa. Halitajwi, uso wake hauonyeshwi, mpaka familia ikae na kusema sasa inatosha. Hata mwenye jina kama hilo anaacha kuitwa kwa muda, anapewa la kuazima. Si kumnyima heshima, ndiyo heshima yenyewe. Ndiyo sababu ya vibandiko, na ndiyo sababu Nomsa alilificha bango. Kisha akatuonyesha ile picha. Nukta ndogo ni za marehemu, alikufa hajaimaliza. Nukta kubwa ni za Bibi Doris, alimalizia akilia. Baada ya Johannesburg picha ilikuwa inakwenda kukaa kwa watu wengine moja kwa moja, na Bibi amesafiri bara mpaka bara ili akae nayo mara moja mbele za watu na kumuaga dada yake.

"Akilisikia tena lile jina leo, au akiuona uso," Kayla alisema, "ataichukua picha, tutarudi nyumbani, na hatakuwa ameaga."

Nikamtazama Ilunga. Mtu mweusi kweli, lakini siku ile aligeuka majivu.

Mpigie simu mwenyekiti wa kwaya, imezimwa. Mpigie mama wa sauti ya kwanza, imezimwa. Walikuwa kwenye maombi ya kujiandaa, na Ilunga mwenyewe ndiye aliyetunga sheria ya kuzima simu kwenye maombi. Tukafunga picha kwa mablanketi, tukaipakia kwenye bakkie, ile pikapu ya karakana, mimi nikashika usukani, tukaondoka kama walioiba. Kosa letu ni kwamba Nomsa naye aliona tunaondoka, akampakia Bibi kwenye gari lake dogo na kutufuata nyuma.

Mita chache mbele taa za barabarani, hizi mnazoziita roboti, zikawa nyekundu. Na pale kwenye roboti, wakivuka barabara kwa mstari, wanaume kwa wanawake, wamependeza kweli, ilikuwa kwaya. Kila kifua marehemu. Kila mgongo marehemu, mkubwa zaidi.

Sikumbuki nilivyoshuka. Najikuta niko kwenye dirisha la gari la Nomsa, upande wa Bibi, nimejaza dirisha lote kwa mwili wangu, na hapo kwa mara ya kwanza nikashukuru ugali wa mji huu. Nikamwomba Bibi radhi kwa mambo ya asubuhi, kisha nikamwonyesha uwanja wa Ellis Park upande wa pili, nikaueleza kana kwamba ni mali ya baba yangu. Nilieleza nguzo zake, nilieleza taa zake, nilieleza mpira wa raga ambao sijawahi kuuelewa hata siku moja. Kayla anatafsiri, Bibi anaitikia kwa kichwa. Nyuma yangu nasikia Ilunga anaisukumia kwaya ndani ya saluni ya mama mmoja wa Bukavu pale kona, watu wazima wanakanyagana, mteja mwenye nywele nusu zimesukwa anapiga makelele. Roboti ikawa kijani, magari yakapiga honi, mimi bado niko kwenye raga.

Tulipofika ukumbini Ilunga na kwaya walikuwa wameshafika kwa teksi na kuingia mlango wa nyuma. Fulana zote zimegeuzwa ndani nje. Mishono nje, vibandiko vya dukani vinaning'inia shingoni. Nikavaa yangu vilevile, maana Ilunga aliniagizia na mimi, nikajipanga na sauti ya pili.

Kwanza lakini tulikuwa na kazi. Nomsa akauliza picha ya mwisho upande upi juu, upi chini. Hapo tulikuwa na jibu tayari, maana Ilunga hakujua, kwa hiyo alifunga vishikizo vya kutundikia pande zote nne. Bibi akacheka alipoviona. Akasema haina juu, haina chini, wanaizunguka wakichora, na kama ni yeye angeilaza sakafuni. Ikalazwa sakafuni. Mimi na pima maji yangu mkononi, sina cha kupima. Bibi akakaa chini kando yake, akakunja miguu, na kwa kuwa mwenye shughuli kakaa chini, wageni wote wakalazimika kukaa chini, wanawake wa Sandton na viatu vyao virefu, mabwana na suti zao, wakishikilia glasi juu wasimwage.

Ilunga akasimama mbele ya kwaya, mgongo kwa wageni, kama mwalimu wa kwaya anavyosimama. Akainua mikono. Nilikuwa namtazama usoni, na pale pale nikaona amekumbuka tulichosahau sisi sote. Wimbo. Fulana tumegeuza, wimbo je? Mstari wa kwanza ulikuwa "Lala salama, Agnesi". Alifumba macho. Jasho linamtiririka. Akaimba "Lala salama," akaruka kipimo kizima cha wimbo, kisha akamalizia "Mama Nani".

Kwaya ni kwaya, inafuata kiongozi. Lala salama, Mama Nani. Umetembea, Mama Nani. Kiitikio kikaja, Nani, Nani, Nani, sauti nne, besi wakakikokota mpaka vioo vikatetemeka. Kilikuwa kizuri kuliko cha mwanzo. Nawaambieni ukweli, nililia, na nililia wimbo wenye maana ya mama fulani.

Bibi akamuuliza Kayla, Kayla akaniuliza mimi, nikasema Nani ni yule tunayemjua sote ila hatumtaji. Bibi akaweka kiganja juu ya picha, pale nukta ndogo zinapokutana na zile kubwa, akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Sikuuliza ni nini.

Tulidhani yamekwisha. Hamjui wazee. Bibi akainuka, akamwendea Ilunga, akamshika kile kibandiko kilichoning'inia shingoni, akauliza kwa nini watu wote hawa wamevaa nguo ndani nje.

Ilunga hajui kudanganya. Akifanya hivyo masikio yanacheza. Akasema ni desturi yao ya msiba.

Bibi akaitikia kwa kichwa. Akavua sweta lake, akaligeuza, akalivaa tena. Kayla akageuza blauzi chooni akarudi. Nomsa akageuza koti. Na wale wageni, watu wa heshima, wakatazamana, kisha mmoja akaanza, na kabla hamjasema eish ukumbi mzima uko ndani nje, bitana za hariri nje, mifuko inaning'inia kama masikio ya mbuzi. Nilimsikia bwana mmoja akimweleza mkewe kwamba alishawahi kuiona desturi hii Kongo, miaka mingi nyuma, karibu na mto. Mimi nikaingia chooni nikacheka huku nimeziba mdomo kwa taulo.

Jioni Bibi alipokuwa anaondoka aliniita. Hakuninyooshea mkono, alinigusa begani. Akasema, kwa kinywa cha Kayla, kwamba na mimi nililaze jina langu, niitwe kama kwenye wimbo, mpaka wao wenyewe watakaponiambia. Nikakubali. Bahari nzima ingekuwa kati yetu, asingenisikia hata ningejiita kila asubuhi kwenye kioo. Lakini mimi ni binti wa mchongaji, na mambo ya ukoo wa wenzako unasubiri ruhusa.

Basi nikawa Mama Nani. Karakana walilizoea kwa wiki moja, na Ilunga akalishonea kabisa kwenye aproni yangu. Fulana alizikusanya, akazikunja zikiwa ndani nje, akazifungia kwenye lile kasha lake, chini ya majani ya chai. Nje ya karakana ndiko kulikuwa na kazi. Kanisani nikamwambia padri, akanitazama sana. Kliniki nesi aliita jina langu la ubatizo mara tatu, nami nimekaa pale natazama dari, mpaka zamu ikapita na goti langu likarudi nyumbani bila dawa. Nilipoulizwa kwa nini sikuitika nikasema jina limelala. Wakaniandikia nipimwe kichwa. Cheka, cheka tu, wewe. Lakini kuna kitu nilikiona. Jina usipolitumia linakuwa zito. Asubuhi nyingine nilikuwa namfikiria yule mama nisiyewahi kumwona kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Nikipiga pini ya kona namfikiria. Nilimkumbuka sana kwa kutomtaja, na hilo sikulitegemea.

Mwaka huu wa 2019 nikastaafu. Siku ya kuniaga bosi alileta keki, akaniandikia hapo juu "Kwaheri Mama Nani", akatoa hotuba ya maneno mawili, "Asante sana", akaenda kununua sigara. Tulikuwa tunakata keki ndipo simu ya Ilunga ikalia, ya video. Ilikuwa Kayla, na pembeni yake Bibi Doris na kofia ileile. Familia imekaa, Kayla akasema. Wamesema inatosha. Jina limepumzika vya kutosha, na uso pia.

Kisha Bibi akasema jambo, Kayla akacheka kwanza ndipo akatafsiri. Bibi anasema tugeuze zile fulana.

Randa ya mtu ilianguka. Ilunga akauliza kwa sauti ndogo ni fulana zipi. Masikio yanacheza.

"Siku ile ulinipa mgongo ukiimba," Bibi alisema. "Jasho likakutoka, nguo ikakushika. Nikamwona dada yangu mzima, kutoka bega mpaka kiuno. Nikataka kuinuka niondoke. Lakini niliona mnavyohangaika kunifichia, nikasema ngoja nikae."

Ilunga alikwenda kwenye kasha, akatoa majani ya chai, akatoa fulana zinazonuka majani ya chai, tukazigeuza na kuzivaa mmoja mmoja. Marehemu akatoka kifuani mwa kila mtu anacheka, amekaa mchangani. Bibi alipouona ule wa mgongoni mwa Ilunga alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akamwambia Kayla kwamba dada yake hakuwahi kuwa mnene hivyo.

Kisha akanitafuta mimi. Ilunga akanisogezea simu. Bibi akaninyooshea mkono kutoka kule jangwani kwao, vilevile kama ile asubuhi ya kwanza, na Kayla akasema anataka nijitambulishe upya.

Nilikuwa na keki mdomoni. Nikaimeza.

"Naitwa Agnesi," nikasema.

Mkono haukushuka. Ulisogea, ukasogea, mpaka kioo chote cha simu kikawa kiganja, kimetulia, hakitikisiki, na hatuoni kingine. Ilunga akainamia simu yake kwa wasiwasi, akidhani mtandao umekwama.

"Rezo imekatika?"

"Nyamaza, Papa," nikamwambia. "Nasalimiwa."